Picha za Tingatinga za kitambaa: rangi inanata na kupasuka zikiviringishwa

Swali: Wakuu, picha za kitambaa zilizochorwa kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, zikiviringishwa kwa mteja wa nje, zinanatana. Nyingine zinapasuka. Tatizo ni rangi au hewa ya Dar?

Jibu: Vyote viwili, mkuu. Rangi ile hukauka juu kwanza. Kesho yake kidole hakinati, lakini chini bado mbichi, na unyevu wa Dar unaichelewesha zaidi. Bonyeza ukucha pale ilipo nene, mara nyingi kwenye madoa ya chui au jicho la ndege. Ukiacha alama, usiviringishe. Ipe wiki tatu ikining'inia penye upepo. Na paka tabaka mbili nyembamba. Moja nene hufanya ngozi juu, halafu inakunjamana.

Jibu: Viringisha rangi ikitazama nje, kwenye bomba la upana wa sentimita 10 au zaidi. Ikitazama ndani inabanwa na kubanduka. Juu yake weka karatasi ya kuokea, siyo gazeti, maana wino wa gazeti unahamia kwenye rangi nyeupe.

Jibu: Tusisahau, Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji, alipoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 alichora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli. Ubao haukunjwi, kwa hiyo rangi ngumu haikuwa na shida. Kitambaa kimeletwa na begi la mtalii, rangi ikabaki ileile. Picha ndogo zichoreni kwenye hadibodi, zinaingia begini vilevile.