Mzee alipigana Kagera, sasa analala barazani Majengo. Tumsaidieje apate pa kukaa moja kwa moja?

Kijana wa Nkuhungu: Wakuu habari za saa hizi. Mjomba wa wife alikua JWTZ, vita ya 78/79 kaingia mpaka Uganda, saiv analala kwenye baraza la duka hapa soko la Majengo Dodoma eti ni mlinzi, mwenye duka anamtoa hela ya chai tu. Makaratasi yake ya jeshi yapo kwenye rambo, ile mifuko ya plastiki ya kabla ya marufuku ya 2019, haachani nalo hata akienda chooni. Pensheni ilisimama alipokosa uhakiki akiwa anaumwa huko Bahi. Tulimpangia chumba Chang'ombe akarudi barazani. Sasa ndugu wanataka tuchange tumnunulie kiwanja Nala, mnaonaje?

Afande Mstaafu: Kiwanja atalala juu yake? Fufueni pensheni kwanza. Mwende nae mwenyewe Hazina, hapohapo Dodoma, mbebe NIDA, karatasi za kustaafu, namba ya jeshi na akaunti ya benki. Ila hakikisheni alikua askari wa kuajiriwa maana mgambo wengi walibebwa vitani na pensheni ya mwezi hawana. Mkikwama muoneni mshauri wa mgambo wa wilaya. Na vishoka wa "nitakusaidia faili" msiwape hata mia.

mama Kongwa: Kwani chumbani alitoka kwanini?? Mlimuuliza?

Kijana wa Nkuhungu: Mwenye nyumba anafunga geti saa nne, na mzee usiku halali, anatoka anazunguka weee mpaka alfajiri.

mama Kongwa: Sasa si ndo hilo! Mtafutieni chumba chenye mlango wake wa nje, hukohuko Majengo anakojulikana.

Dom Finest: Mpelekeni makazi ya wazee Hombolo yaishe

mama Kongwa: Ana ndugu wazima, kule ni kwa wasio na mtu.

Mtu wa Ustawi: Marekani wana mpango unaitwa HUD-VASH, veterani analipiwa sehemu ya kodi na kuna mtu wa ustawi anampitia, na hawamwambii acha pombe kwanza ndo upewe nyumba. Toka 2010 veterani wasio na makazi kule wamepungua zaidi ya nusu. Kwetu ruzuku hiyo hamna ila kumpitia mnaweza, pangeni zamu. Mkataba uandikwe jina lake, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, funguo akae nazo yeye. Hiyo hela ya kiwanja lipeni kodi ya miezi sita wakati pensheni inafuatiliwa.