Wanaoshona mablanketi ya viraka kwa mtumba na nguo kuukuu, tupeane uzoefu

Mama Viraka
Habari zenu wadau. Wa cherehani na wa sindano ya mkono tukutane hapa. Mimi nipo Dar, nashona mablanketi ya viraka kwa mashati ya kiume ya mtumba. Sio kwamba nayapenda sana, ila shati la kiume ndo nguo ambayo pale soko la mtumba la Karume ukichambua vizuri unapata pamba tupu halafu mgongo mzima hauna mshono, gauni la kike lina mikato kibao mpaka utoe kipande cha maana ushatupa nusu. Naenda jioni jioni wakishashusha bei, nachimba kwenye rundo, yenye kola iliyochakaa na vifungo vimedondoka ndo hayo hayo nayataka.

Kabla sijakata natoa uzi mmoja kwenye upindo nauchoma na kiberiti. Ukiyeyuka ukajikunja kama kishanga kigumu cheusi, poliesta hiyo. Ukiwaka kama karatasi ukabaki jivu la kupukutika, pamba. Lebo usizitegemee, nyingi zishakatwa huko zilikotoka. Na msichanganye hivyo viwili, pasi ya kunyoosha pamba ikipita kwenye poliesta inasinyaa, blanketi zima linakuwa mawimbi mawimbi.

Haya semeni, mnatumia nguo gani, katikati mnajaza nini, na kama mnauza mnamuuzia nani, maana Dar na hili joto ukimtajia mtu blanketi anakuangalia kama umechanganyikiwa 😂

Mwana Pangani
Kwetu hayo ya zamani mno. Bibi yangu alikuwa na mfarishi wake, juu khanga zilizochakaa, ndani sufi. Sufi ina raha yake ila haitaki maji, ukiifua inajikusanya madonge upande mmoja, kwahiyo ulikuwa unaanikwa juani unapigwa fimbo basi, khanga ya juu ikichafuka inafumuliwa inafuliwa inarudishwa, ikichoka kabisa inavalishwa nyingine. Wanawake watatu wanne barazani juu ya mkeka kila mtu na upande wake, umbea wote wa mtaa unapita pale. Sisi watoto kazi yetu kuchambua sufi kutoa mbegu, unapiga chafya mpaka magharibi.

Kijana wa Gikomba
Mimi niko Nairobi na nashona jinzi peke yake. Ile imeraruka magoti hakuna mtu anaitaka so naipata bei ya kutupa, na hapo nyuma ya mguu kitambaa bado kiko na nguvu kabisa. Shida siku hizi ni hizi jinzi za kuvutika, ukiunga na ile ngumu ya zamani cherehani inavuta moja inaacha nyingine na mstari unakuja umepinda. Nikiwa hapo kwa muuzaji naivuta na mikono kwanza, ikirudi kama mpira naiacha hapo. Sindano ni namba 16 ama 18, na pale mishono minne inakutana usikanyage cherehani, zungusha gurudumu na mkono pole pole ama sindano ivunjike ikurukie kwa macho.

Katikati siweki kitu, jinzi zenyewe ni nzito, nyuma naweka tu flisi ya blanketi za watoto za mtumba. Wateja wangu wako Limuru na Nyahururu huko kwa baridi. Halafu kitu ingine, 2020 serikali ilifunga mitumba isiingie juu ya corona, kutoka Machi hadi Agosti, mzigo ukawa shida kupata, ndio nikaanza kuzungukia mafundi wa nguo naomba vile vipande vya miguu wanakata wakifupisha suruali. Nilidhani ni ya muda tu lakini hadi leo wananiwekea kwa mfuko.

dada_wa_mjini
Picha jamani, picha!

Kitinda Mimba
Mimi sio wa biashara. Baba alivyofariki, baada ya arobaini nguo zikagawiwa kama kawaida, baba mdogo kachukua makoti, wajomba suruali, yakabaki mashati yake ya kazini ambayo hakuna aliyeyataka maana ameyavaa mpaka yamelainika kama shuka. Mama akasema nimpelekee fundi ayaunge. Shangazi akaja juu, eti nguo za marehemu hazilaliwi, mama wala hakugombana naye, akamuuliza tu na lile koti analovaa kaka yako kila Jumapili je? Kimyaaa.

Fundi nilimwambia mifuko asiitoe. Mmoja una doa la wino wa peni ya bluu, yeye akataka kuupeleka kwa chini usionekane, nikamwambia hapana baba, huo uje juu usawa wa kichwa. Mama analalia upande huo huo.

Mtanga wa Atlanta
Pole sana Kitinda Mimba, Mungu ampumzishe mzee. Umenikumbusha kitu. Huku Marekani, jimbo la Alabama, kuna kijiji cha watu weusi kinaitwa Gee's Bend, kipo kwenye kona ya mto, wanawake wa pale wameshona mablanketi ya nguo za shamba vizazi na vizazi. 1942 kuna mama anaitwa Missouri Pettway alifiwa na mumewe, akachukua nguo zake za kazi akazishona ajifunike nazo amkumbuke, na hilo blanketi lipo mpaka leo, limezungushwa kwenye makumbusho makubwa makubwa. Mengi ya kwao suruali zimepauka kabisa ila pale ulipobanduliwa mfuko pamebaki na rangi ya mwanzo, ka mraba ka bluu iliyokoza. Na mistari inakwenda upande wala hawajali, kwa macho yangu ndo inapendeza kuliko haya ya kupima na rula. 2006 posta ya Marekani iliyatolea stempu. Kwahiyo mwambie shangazi atulie.

Bin Ukwaju
Mimi nilisoma India, jimbo la Karnataka. Kule kuna Wasiddi, Wahindi wenye asili ya Afrika, wanawake wao wana shuka zao nzito za nguo kuukuu wanaziita kawandi. Hawaungi viraka kwanza. Wanatandaza sari iliyochoka chini, wanaanzia pembeni, wanaweka kipande wanakishona palepale kwa mkono, kinafuata kingine, wanazunguka hivyo hivyo mpaka wanakutana katikati. Nimeiga hiyo njia kwa mashati, huna haja ya kupiga bandi (ule mshono wa kushikiza kwa muda) wala ya cherehani, kila mzunguko wa uzi unashika tabaka zote kwa pamoja. Ila inachosha vidole sitaki kudanganya. Kwenye pembe nne wanabandika vipande vilivyokunjwa pembetatu, ndo maua yake, wanasema blanketi lisilo nayo liko uchi 😀

Mama Viraka
Bin Ukwaju hiyo ya kuanzia pembeni naijaribu wiki hii hii. Mwana Pangani sufi umenitamanisha ila mteja wangu atalitia tu kwenye maji nitafanyaje, mimi katikati naweka blanketi jembamba la mtumba lililochakaa. Soko langu Njombe na Makete, natuma kwa basi, kule mwezi wa sita na wa saba hakuna anayeniuliza blanketi la nini. Wanachoniuliza ni "si mtumba tu huu?" Siku hizi sibishani, namshikisha upande wa ndani aone mishono, akitaka la dukani aende dukani.

Neema_A
Swali dada, ile harufu ya mtumba unaitoaje? Nimefua mashati mara kibao bado ipo.

Mama Viraka
Loweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni na siki kidogo, suuza, anika jua kali ukiwa umeyageuza ndani nje. Na fua kabla ya kukata sio baada, kama kitambaa ni cha kusinyaa kisinyae kikiwa bado shati. Chekundu na cha bluu iliyokoza loweka peke yake, maji yakitoka na rangi usikiweke karibu na cheupe hata kama kinakuvutia vipi.