Msaada wa haraka: nasoma udaktari mwaka wa pili, hakuna kinachobaki kichwani. Anki (programu ya kadi za maswali) au daftari?

Koti_Jeupe
Wakuu, habari za humu. Niko MD mwaka wa pili. Napiga msuli kama wenzangu ila hakishiki kitu. Anatomia ya mkono naisoma usiku mzima, napaka njano, napaka pinki, mpaka desa limekuwa kama kitenge. Asubuhi mtu akiniuliza neva ya msuli wa deltoidi namtazama tu. Wenzangu wana tableti, wana Anki, ratiba zao zimepangwa vizuri. Bumu la mkopo wa chuo likiingia nataka nichukue tableti yenye kalamu yake. Vitanisaidia, au nibaki na daftari? Naombeni ushauri.

Bibi_Wodini
Mjukuu wangu, mimi ni muuguzi mstaafu. Dozi tulikuwa tunaulizana tukitandika vitanda: huyu anauliza, yule anajibu, ukikosea unarudia shuka linalofuata. Hatukuwa na tableti wala simu. Simu ndizo zinazowamaliza vijana. Sali, kula vizuri, lala.

Mzee_wa_Ferry
Bumu halijaingia, tayari limeshatumika 😂 Nunua mchele, dogo.

Dkt_Wilayani
Dogo, tableti iache kwanza. Anki ni bure kwenye Android na kwenye kompyuta (iPhone ndiyo inalipiwa), na ukishaiweka hailazimu bando. Kazi yake ni kukuletea swali wakati unakaribia kulisahau: leo, keshokutwa, wiki ijayo, mwezi ujao. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus aliandika tangu 1885 jinsi tunavyosahau haraka tusiporudia, na hiyo programu imejengwa juu ya wazo hilo.

Wengi wanaiharibu kwa kubandika ukurasa mzima wa desa kwenye kadi moja. Kadi moja, swali moja, jibu fupi. Kwa anatomia chukua picha, ziba majina, ujiulize kilichozibwa. Usijaze kadi mpya nyingi kwa siku, maana kila unayoongeza leo itarudi kukudai wiki ijayo.

Na hizo rangi zinakudanganya. Ukisoma mara ya tatu maneno unayazoea, unadhani umeyajua. Watafiti Roediger na Karpicke walilipima hilo mwaka 2006: baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima ndio waliokuwa mbele.

Sasa niambie, mtihani lini?

Koti_Jeupe
Asante sana dokta. Ni mitihani ya kawaida tu. Kwa hiyo tableti ya inchi kumi inatosha?

Dkt_Wilayani
Mtihani wa kawaida haumfanyi mtu aandike hapa saa tisa usiku. Sema ukweli usaidiwe.

Koti_Jeupe
Sawa. Ni sapu, mitihani ya kurudia. Anatomia na baiokemia, mwezi ujao. Nikikosa hizo nadisko, naondolewa chuo.

Na usiku nakaa duka la dawa, kaunta ya malipo, ndiyo maana niko macho. Msiniambie niache. Mdogo wangu yuko sekondari, nauli na madaftari yake vinatoka hapo. Nimeshaongea na mwenye duka aniongezee zamu ili hela ya tableti itimie. Nimepiga hesabu, nikishakuwa nayo nitasomea hapohapo kaunta.

Fundi_Umeme_TZ
Mimi nilidisko uhandisi mwaka wa tatu. Nikakaa nyumbani, mama hasemi kitu, baba hasemi kitu. Leo nafunga sola vijijini na nakula vizuri. Maisha hayako chuoni peke yake.

Mama_Wawili
Kwa hiyo unaongeza zamu ili ununue kifaa cha kusomea muda ambao zamu zimeuchukua? Mdogo wangu, hebu isome tena hiyo sentensi.

Koti_Jeupe
Dada, ni kwa mwezi mmoja tu. Nikikaa bila kitu cha kisasa nitaendelea kuwa nyuma.

Hakimu_wa_Jukwaa
Hii ni chai. Sapu mbili, duka la dawa, mdogo anasomeshwa, halafu tableti. Ukurasa wa pili itawekwa namba ya kuchangia. Kama kweli wewe ni MD, taja matawi ya kamba ya nyuma ya brakio pleksasi, ule mtandao wa neva za mkono. Dakika tano, usigugo.

Mzee_wa_Ferry
Ngoja nivute kiti.

Koti_Jeupe
Sijaomba hela ya mtu hapa. Sabskapula ya juu, sabskapula ya chini, aksilari inayokwenda deltoidi, radiali. Yako matano. La tano limenigoma.

Dkt_Wilayani
Thorakodosali. Inakwenda latisimasi dosi, ule msuli wa mgongo unaousikia ukikaza mgonjwa akikohoa. Huo hutausahau tena, kwa sababu umeutafuta ukaukosa.

Halafu umeona? Neva ya deltoidi, uliyosema inakupotea, umeitaja bila desa, usingizi umekushika, na mtu anakutukana. Endelea hivyohivyo. Funga desa, chukua karatasi tupu, chora pleksasi kutoka mizizi C5 hadi T1, kisha fungua urekebishe kwa kalamu nyekundu. Makosa hayo tu ndiyo yawe kadi. Pasti pepa zianze leo, usizisubirie wiki ya mwisho. Mtihani wa kadava (maiti ya kujifunzia) kengele ikilia unahama meza, hakuna wa kukupa muda wa kuwaza.

Zamu ulizonazo sikwambii uache, mdogo wako anakutegemea. Za nyongeza kataa. Usiku usio wa zamu ulale, maana ulichosoma kinatulia usingizini. Na kaunta ya duka, pasipo na mteja, inatosha kadi za simu uliyonayo.

Koti_Jeupe
Nimeshamwahidi mwenye duka.

Bibi_Wodini
Mpigie kukikucha. Mwambie una mtihani. Hajakuzaa lakini ataelewa.

Hakimu_wa_Jukwaa
Mimi bado sijaamini. Kimeng'enya kinachoshika usukani wa glikolisisi, yaani kuvunja glukosi?

Koti_Jeupe
Fosfofruktokinesi. ATP ikizidi inazuiwa, AMP inaichochea. Lete nyingine.

Hakimu_wa_Jukwaa
Mzunguko wa yurea, hatua zilizo ndani ya mitokondria. Zote.

Koti_Jeupe
Kuna mteja. Nisubiri.