Birr ya Ethiopia baada ya kuachiwa ielee: mbona bei hazikupanda maradufu?

Mwuliza wa Dodoma

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Tarehe 29 Julai 2024 Benki ya Taifa ya Ethiopia iliacha kupanga bei ya dola, ikaziachia benki zikubaliane na wateja wao. Siku hiyo hiyo dola moja, iliyokuwa ikiuzwa kwa birr 57 na ushei, ilifika karibu 75, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imevuka 120. Kwa hesabu ya kawaida, nchi inayoagiza mafuta, mbolea na dawa kutoka nje ingeshuhudia bei zikipanda maradufu, lakini mfumuko wa bei wa mwaka ulibaki chini ya asilimia 20. Je, takwimu ndizo zenye walakini, au kuna jambo ninaloliruka?

Mhadhiri Mstaafu

Ndugu mwuliza, hesabu yako inaanzia kwenye birr 57, bei ambayo wafanyabiashara wengi walikuwa wakiisoma tu kwenye ubao wa benki. Aliyetaka kuagiza simu, nguo au vipuri vya magari alisubiri fedha za kigeni kwa miezi mingi, na akichoka alikwenda soko la magendo, ambako dola ilikuwa tayari imezidi birr 100. Kwa hiyo bidhaa hizo zilikuwa madukani kwa bei ya magendo muda mrefu kabla ya Julai. Kilichobadilika ni kwamba tofauti ya bei hizo mbili, iliyokuwa ikiingia mifukoni mwa waliobahatika kupewa dola za benki, ilianza kuyeyuka.

Mafuta, mbolea na dawa ndizo zilizokuwa zikiagizwa kwa bei rasmi, na hapo ndipo maumivu yangekuwa makali. Serikali ilitenga ruzuku ya muda kwa bidhaa hizo pamoja na mafuta ya kupikia. Upande wa fedha, tangu Agosti 2023 benki zilikuwa zimewekewa ukomo wa kutoongeza mikopo kwa zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka, na Benki ya Taifa ikaanza kutumia riba ya sera, yaani riba yake ya kuongozea riba nyingine sokoni, ya asilimia 15. Juu ya hayo, nchi hiyo, iliyokuwa imeshindwa kulipa riba ya hatifungani yake (dhamana ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji) ya dola bilioni 1 mnamo Desemba 2023, iliidhinishiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa dola bilioni 3.4 siku ile ile ya mageuzi. Bila mkopo huo, sidhani kama benki nyingi zingethubutu kuuza dola zilizokuwa nazo.

Tefi nayo, nafaka ya chakula kikuu cha huko, hulimwa nyumbani. Bei ya injera, mkate wa tefi, hufuata zaidi mvua na usalama wa barabara kuliko bei ya dola.

Mwenye Hisa, Nairobi

Naomba kuongeza upande ambao Mwalimu hakuugusa. Sisi wenye hisa za Safaricom tuliuona mshuko huo wa birr kwenye hesabu za kampuni. Tawi la Ethiopia hukusanya mapato kwa birr, ilhali sehemu ya madeni yake iko kwa fedha za kigeni, na hasara ya kubadilisha sarafu ilipunguza faida ya kundi zima katika nusu mwaka iliyoishia Septemba 2024. Mfumuko wa bei haupimi maumivu ya namna hiyo.

Mkongwe wa Tanga

Mimi nina shaka na mtindo wa kufanya yote kwa siku moja. Tanzania tulikwenda kwa hatua: mwaka 1984 watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipataje, mwaka 1986 shilingi, iliyokuwa karibu 17 kwa dola mwaka uliotangulia, ikaanza kushushwa, sheria ya mwaka 1992 ikafungua njia ya maduka ya kubadilishia fedha, mwaka 1993 bei rasmi na ya maduka zikaunganishwa, na mwaka 1994 soko la fedha za kigeni baina ya mabenki likaanza. Dola ilikuwa imevuka shilingi 500, lakini waagizaji walikuwa wamepata muda wa kuzoea. (Waliopanga foleni za sabuni watanielewa.)

Mhadhiri Mstaafu

Mzee wangu, hatua za polepole nazo zina gharama, kwa kuwa kila anayejua kwamba sarafu itashushwa tena mwakani huficha dola zake leo. Ethiopia iliionja njia hiyo: ilishusha birr kwa asilimia 15 Oktoba 2017, kisha ikaiteremsha kidogo kidogo, na pengo kati ya bei rasmi na ya magendo likabaki palepale, baadaye likapanuka. Hata hivyo, nakubali kwamba siku moja si dawa. Nigeria iliiachia naira Juni 2023 ikiwa na madai ya dola ambayo haijayalipa, muda mfupi baada ya kuondoa ruzuku ya petroli, na mapema 2024 dola ilivuka naira 1,500.

Kwa Ethiopia mimi hutazama pengo lenyewe kuliko bei ya ubaoni. Lilipungua sana katika wiki za mwanzo, kisha likaanza kufunguka tena, na mwaka 2025 Benki ya Taifa ikawa inauza dola kwa mabenki kwa njia ya mnada. Uwezo wa kufanya hivyo umechangiwa na dhahabu ya wachimbaji wadogo, ambayo zamani ilivushwa mpakani kimagendo na sasa inauzwa kwa Benki hiyo kwa wingi zaidi.