Ramani za simu zisizohitaji intaneti: Dar es Salaam hadi Mbinga

Msafiri wa Kusini: Habari zenu ndugu. Natarajia kuendesha gari kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Njombe hadi Songea, kisha niingie vijijini Mbinga. Natafuta programu ya ramani itakayoniongoza hata pale mtandao unapokatika, na isiyotunza kumbukumbu za kila ninapopita, kwa kuwa sioni kwa nini kampuni nisiyoijua ifahamu ninalala wapi na ninasimama kwa nani. Je, GPS hufanya kazi bila bando?

Dereva wa Kimara: Inafanya kazi, ndugu. Simu hupokea tu mawimbi ya setilaiti bila kuzirudishia chochote, na ikinasa 4 au zaidi hukokotoa yenyewe mahali ilipo. Kinachomaliza bando ni ramani inayopakuliwa njiani. Nakushauri Organic Maps, iliyoanza mwaka 2021, ambayo haina matangazo wala haikudai akaunti. Pakua ramani ya Tanzania ukiwa bado nyumbani, kisha fungua mipangilio ya njia uzuie barabara za vumbi, la sivyo inaweza kukuchepusha kutoka kwenye lami ukafuata njia ya mkato isiyopitika wakati wa mvua. Ukifika Mbinga, ondoa kizuizi hicho, maana huko barabara za vumbi ndizo utakazozihitaji. Haitakuonyesha foleni ya wakati huo, kwa sababu taarifa hizo hupatikana kwa kukusanya mwendo wa simu za madereva, yaani jambo lile lile unalolikwepa. Toka Dar alfajiri.

Fundi Simu: Naongezea kwamba programu peke yake haitoshi. Simu nyingi za Android zina kipengele cha kuongeza usahihi wa mahali, ambacho hutumia waifai na minara ya jirani na kupeleka taarifa hizo Google, kizime. Laini ikiwa hewani, kampuni ya simu nayo huona mnara uliounganishwa nao. Ukiiweka simu katika hali ya ndege, GPS kwa kawaida huendelea kufanya kazi, ila kunasa setilaiti mara ya kwanza huchelewa, hivyo subiri mahali pa wazi kabla ya kuondoka. Kwa upande wa programu ya ramani, mimi hupendelea OsmAnd kwa kuwa hutoa tahadhari ya matuta na kikomo cha mwendo, mradi viwe vimeingizwa kwenye ramani, na katika njia yenye vijiji vingi vya kilomita 50 kwa saa hilo si dogo.

Mchora Ramani: Programu zote mbili huchota kutoka OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Dar es Salaam imechorwa vizuri, hasa baada ya mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walipita mtaa kwa mtaa katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Vijijini hali hutofautiana, na jina la kijiji huenda likakosekana au likaandikwa kwa tahajia nyingine. Kwa hiyo mwombe mwenyeji wako akutumie alama ya mahali alipo, uihifadhi kwenye ramani kabla ya kuondoka, na kwa kilomita za mwisho uulize watu wa hapo.