Mrejesho: Kaka yangu anayesahau tangu ajali ya bodaboda

Wakuu, niliwauliza kuhusu kaka yangu hapa Chang'ombe, Dodoma: tangu aumie kichwa anakumbuka vizuri utoto wetu Kondoa, lakini hajui kama amekula. Asanteni sana. Daktari alitueleza kuwa ya zamani yalishahifadhiwa; kilichoumia ni uwezo wa kuhifadhi mapya. Nimeacha kumwuliza "umesahau tena?"

Daftari ndilo mkombozi. Dogo, lina kamba, analivaa shingoni. Akimaliza jambo anaweka alama ya vema humo mwenyewe. Jana nilikuta ameandika: "Chai nimeshakunywa, nisimsumbue mama." Nililia.

Simu inaita saa ya dawa, funguo zina msumari wake mlangoni. Akichoka husahau zaidi, kwa hiyo mchana anapumzika. Soko la Majengo bado simwachi aende peke yake.