Kuta za Thimlich Ohinga za vita vya mezani: nizijenge kwa nini?

Mwana_Kano (Kisumu)
Wadau, habari zenu. Nataka kujenga kuta za Thimlich Ohinga, lile boma la kale la mawe kule Migori, tupiganie mezani na vinyago vya askari vyenye kimo cha milimita 28. Nina yale mabamba meupe mepesi yaliyotoka kwenye boksi la friji, gundi ya seremala na kisu. Kuta ziende juu kiasi gani, na mawe nitengeneze kwa nini? Wapiga mishale je, watasimama wapi huko juu?

Kijana_wa_Bondeni
Okota kokoto barabarani, bandika. Kazi kwisha.

FundiDari_Nakuru
Kokoto? Boma zima la kokoto utalibeba na nani? Moja ikibanduka humo bokseni, itakwangua rangi ya jeshi lote.

Mwana Kano, sikiza. Kwa kipimo cha 1:56 kinachofuata askari wako, yaani kila sentimita mezani ni sentimita 56 za kweli, kuta za Thimlich, zilizo kati ya mita 1.5 na 4.5, zinakuwa kati ya sentimita 2.7 na 8. Unene wa wastani ni kama mita moja, yaani milimita 18 mezani. Kitako cha askari, kile kibao anachosimamia, ni milimita 25. Umeona mambo? Hatoshei juu, na usinenepeshe ukuta ili atoshee. Hii si Fort Jesus. Ni mawe matupu yaliyopangwa bila chokaa, kuzuia wezi wa mifugo na wanyama wakali. Vita vyako viko langoni. Lifanye jembamba, fupi kuliko askari mwenyewe, jiwe bapa juu yake, wapite mmoja mmoja wakiinama. Anayeinama asiruhusiwe kupiga zamu hiyo. Mwenye boma atakupenda.

Mawe: trei za mayai, zile za karatasi. Zirarue kwa vidole, makasi weka mbali, maana ukingo uliochanika ndio unaotoa sura ya jiwe. Kata bamba la milimita 10, bandika milimita 4 kila upande, ndizo 18 zako. Anza na makubwa chini, na kila jiwe lilalie kiungo cha mawili yaliyo chini yake. Viungo vikinyooka wima, hata mtoto atajua ni karatasi.

Rangi ya kupuliza isiguse bamba tupu, italila mbele ya macho yako. Kwanza paka gundi iliyochanganywa na rangi ya maji nyeusi, iingie kila ufa. Ikikauka, pitisha kijivu kwa brashi iliyofutwa karibu ikauke, iguse vichwa vya mawe tu.

Na kwa vile kuta zile zinapinda, jenga vipande vifupi. Ile miegemeo ya mawe inayoshikilia ukuta ijenge peke yake, kisha ifiche viungo.

Omubukusu_Halisi
Na huku Webuye mmetusahau? Chetambe, ngome ya Wabukusu waliyopigana na Waingereza 1895, ukuta wa udongo na handaki. Handaki mtalichimba vipi kwenye meza ya watu?

FundiDari_Nakuru
Halichimbwi, mkuu. Inua ardhi ya nje kwa bamba la sentimita mbili, acha mfereji kati yake na ukuta. Upande wa nje uteremke polepole hadi mezani, la sivyo Waingereza wataonekana wanapanda jukwaani. Udongo wenyewe ni murram na gundi. Uchekeche kwa chujio ambalo mwenye jikoni ameshalitupa, si lile la chai.